Bobini Iliyozidi Unene wa Unywele

Siku ile ninaiona mpaka leo, na miguu yangu bado inaijua ile njia. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, umande haujakauka, nami nashuka kutoka Manga kwenda soko la Nyakoe, mkononi nimeshika kijiti cha nyasi kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai. Mwanangu, ukiniuliza kwa nini mwanamke mzima, mke wa mtu, alipeleka kijiti cha nyasi sokoni, nitakuambia. Lakini kaa chini kwanza.

Ninasema na Moraa, mjukuu wangu, lakini wengine nao wasikie. Moraa ana kompyuta kuukuu, ile kubwa ya kukaa mezani, ambayo shule fulani ilikuwa inataka kuitupa. Anawachapia watu barua, na ratiba za mazishi, na kadi za harusi. Kompyuta yenyewe imezeeka kama mimi. Wakati ule ulikuwa unaigusa leo, inajibu kesho. Basi siku moja Moraa akaenda Kisii mjini akarudi na kibao chembamba cha kijani, kirefu kama kidole, akasema hiyo ni memori na ataiongeza ndani ili kompyuta ipate nguvu.

Nikamuuliza memori ni nini.

"Ni kama meza, magokoro," akaniambia. Magokoro ndiyo nyanya kwa Kikisii chetu. "Meza ikiwa ndogo, kazi zinasukumana. Ukiongeza meza, kazi zinapata mahali pa kukaa."

"Kwani kompyuta haiko juu ya meza tayari?"

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa nimeelewa, na mpaka sasa nimeelewa nusu tu. Lakini nilielewa nilichokiona kwa macho yangu: amefungua mashine, waya bado uko ukutani, naye anasukuma kile kibao kwa vidole gumba viwili mpaka mishipa ya shingo imesimama. Kinakataa kuingia. Anakigeuza, anasukuma tena. Anasema, "Lakini urefu ni ule ule! Kwa nini kinakataa?"

Aliposema neno hilo, urefu ni ule ule, mimi nikaona Nyakoe na kile kijiti cha nyasi.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Mimi nilikuwa nimeolewa Manga mwaka wa pili, nimetoka kwetu Gesima na madarasa matatu kichwani. Mume wangu alikuwa kazini Kericho kwenye mashamba ya majani chai, anakuja mwisho wa mwezi. Baba yake, baba mkwe wangu, Mzee Ombati, alikuwa fundi wa nguo. Alishona miaka mingi mpaka macho yakaingia ukungu. Alipoona hawezi tena kutia uzi kwenye sindano, akatoa cherehani yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, akasema iende nyumbani kwangu. Watoto wake wengine walinuna. Lakini mimi nilikuwa na mkono mtulivu, hilo alilijua.

Sasa sikiliza jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa upumbavu wangu. Sisi Wakisii tuna chinsoni. Ni heshima na haya kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Yeye haingii nyumbani kwangu hata mvua ikinyesha mawe. Mimi simpi mkono, sikai karibu naye, simwangalii usoni nikipiga domo. Kwa hiyo cherehani ilipovuka kizingiti changu, mwenyewe hakuifuata. Hakunionyesha kwamba inafunguliwa hivi, inapakwa mafuta hivi. Alimtuma mama mkwe na neno moja: "Mwambie mokamwana, akiona asichokijua, aulize." Mokamwana ni mimi, mke wa mwana wao. Nikasema nimesikia. Masikio yalisikia, mwanangu. Kichwa kilikuwa kinaangalia cherehani ilivyong'aa.

Cherehani ile ilikuwa na bobini moja tu. Unajua bobini? Ni kile kijiti cha chuma ambacho uzi wa chini unazungushiwa. Za siku hizi ni za duara kama kifungo. Ile ya zamani ilikuwa nyembamba na ndefu, inalala ndani ya kikopo cha chuma chenye ncha, sisi tulikiita nyumba ya bobini, na hicho kikopo kinakimbia chini ya sindano huku na huku. Uzi ukiisha, unasimama. Unatoa, unazungusha uzi upya, unarudisha, unaanza tena. Ukiwa na bobini nne au tano, asubuhi unazijaza zote, halafu unashona mpaka saa ya chakula bila kusimama. Ukiwa na moja, unasimama kama mgonjwa wa kikohozi anayepanda kilima.

Na wiki ile sikuwa na nafasi ya kusimama. Kemunto, dada ya mume wangu, alikuwa ameitwa shule ya bweni, msichana wa kwanza katika boma lile. Karatasi ya shule ilisema aje na sare mbili. Mbili, si moja. Na aje Jumapili, basi inaondoka asubuhi. Kitambaa cha samawati kilikuwa kimenunuliwa, kikatosha nguo mbili kamili, hakikubaki kipande cha kufuta hata machozi. Tulikuwa Waadventista, na bado ni Waadventista. Ijumaa jua likizama, cherehani inafunikwa mpaka Sabato iishe. Kwa hiyo nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Sare moja nilikuwa nimemaliza. Ya pili ilikuwa vipande mezani.

Nikaona dawa ni kuongeza bobini. Na kweli dawa ilikuwa hiyo, hapo sikukosea. Nilikosea njia.

Ningemwambia mama mkwe amuulize mzee. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua thelathini. Lakini mama mkwe alikuwa na ulimi. Nikajiambia, nikiuliza jambo dogo kama hili, watasema cherehani imepewa mtu asiyejua. Na Kemunto kila saa alikuwa anachungulia mlangoni, "Wifi, umefika wapi?" Basi nikachukua kijiti cha nyasi, nikakilaza juu ya ile bobini, nikakikata kwa ukucha urefu sawasawa. Bobini yenyewe nikaiacha ndani ya mashine, nisije nikaipoteza njiani. Nikaona nina akili sana.

Nyakoe nilimpata mwuza vifungo na sindano. Nikampa kijiti. Akakitazama, akanitazama, akasema, "Mama, cherehani yako ni ya kabila gani?" Alitaka jina na namba iliyopigwa kwenye chuma. Nikasema ni ya mkono, nyeusi. Akasema nyeusi ziko nyingi kama kunguru. Nikasema wewe nipe za urefu huu. Akanipa mbili, mpya, zinameta. Urefu ulikuwa ule ule wa kijiti, si zaidi si pungufu. Nikapanda kilima cha Manga nikiimba.

Nikajaza uzi, nikaitia ya kwanza katika nyumba yake. Ikaingia nusu, ikasita. Nikasukuma kwa kidole gumba. Nikasukuma kwa mpini wa kijiko. Ikaingia, tik! Nikasema, unaona? Ugeni tu, itazoea.

Mwanangu, nilichanganyikiwa mchana ule kuliko siku niliyofika boma lile kama bi harusi na sijui mlango wa jiko uko wapi. Nikizungusha mkono, mshono unaanza vizuri, hatua tano, sita, halafu kitambaa kinajikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Uzi unakatika. Nikasema ni uzi, nikabadilisha uzi. Ukakatika. Nikasema ni sindano, nikatia sindano mpya. Ikajikunja zaidi. Nikapaka mafuta. Nikageuza kitambaa, chini yake kumejaa mafundo kama mizizi ya mgomba. Nikafikiri labda ni jicho la mtu, kwa sababu watu walikuwa wamenuna. Nikaomba. Nikajaribu tena, ikanikatalia. Sikuelewa inawezaje kitu kipya, kitu kizuri, kiingie mahali pazuri halafu viwili hivyo vitoe kitu kibaya. Na jambo moja sikulifikiria hata mara moja, kwamba ni ile bobini. Ilikuwa mpya. Nani analaumu kipya? Tunalaumu cha zamani kila siku.

Halafu nikafanya lile ninaloona haya kulisimulia. Kwenye ubavu wa nyumba ya bobini kuna bati dogo jembamba linaloshika uzi, na skrubu ndogo kama mbegu ya wimbi. Nikailegeza kwa ncha ya kisu. Nikailegeza tena. Bati likapinda. Nikazungusha kwa hasira, ikalia kraa, mkono wa cherehani ukasimama. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Na sehemu ya mbele ya sare ya Kemunto ilikuwa imeumwa humo ndani. Nilipoivuta ilitoka na tundu la kupitisha vidole viwili.

Kemunto alikuwa mlangoni. Alikigusa kitambaa, akaenda zake nyuma ya nyumba, nami nikamsikia anavyolia kwa kujizuia.

Ijumaa asubuhi nilikaa tu, mikono mapajani. Ndipo nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya uwanja. Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kama kawaida, uso kwenye jua, akamwita mkewe kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

"Mama Kemunto! Hebu muulize huyo mtu, cherehani yangu ilianza kukohoa jana adhuhuri, na jioni ikanyamaza. Imekufa au imelala?"

Kumbe alikuwa akinisikia. Siku zote tangu aitoe cherehani, alikuwa anakaa pale akisikiliza ninavyozungusha. Alijua saa uzi ulipoisha. Alijua saa nilipojaza. Alijua saa nilipoharibu. Na kuingia hawezi, na kuniita hawezi. Alikuwa anangoja kuulizwa.

Tuliibeba nje, mimi na Kemunto, tukaiweka juu ya kigoda chini ya upenu wa ghala la mahindi. Mimi nikarudi nyuma ya kona ya nyumba, mgongo ukutani. Yeye akaja na fimbo yake, akakaa, akanipa mgongo. Mama mkwe akasimama katikati, karibu na kona. Macho ya mzee yalikuwa hayaoni kitu, lakini vidole vilifungua ile mashine kama mtu anayemvua mtoto shati. Akatoa nyumba ya bobini. Akaikung'uta, bobini haikutoka. Akaibana kwa koleo dogo, akavuta. Akaizungusha ile bobini kati ya kidole na kidole.

"Mama Kemunto, mwambie huyo mtu hii si ya cherehani hii."

"Amesikia, si yupo hapo!"

"Mwambie."

Mama mkwe akageuza kichwa kwenye kona. "Anasema si ya cherehani hii."

"Nimesikia, mama."

"Anasema amesikia."

"Hata mimi nimesikia, sijawa kiziwi. Ni macho. Muulize, alipima?"

Nikaeleza habari ya kijiti cha nyasi. Mama mkwe aliipeleka kwa maneno machache kuliko yangu na makali zaidi. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Huyo amepima ng'ombe kwa mkia. Urefu ni sawa, ndiyo. Unene umezidi kama unywele mmoja. Lakini unywele ukiingia jichoni, jicho linalala?"

Kisha akaacha kucheka. Alichosema baadaye ninakishika mpaka leo, na sikungoja mama mkwe anipelekee.

"Kabla mwanangu hajamleta huyo mtu hapa, nilimtuma esigani kwao Gesima, mjumbe wa kuulizia. Aliuliza ukoo. Aliuliza nyumba ya mama yake. Aliuliza magonjwa, aliuliza ugomvi. Hakuna aliyemwambia esigani, nenda ukapime urefu wake. Basi kama mtu tunamuulizia hivyo ndipo aingie nyumbani, chuma nacho kiulizwe. Cherehani kuukuu haikatai msaada. Inakataa mgeni ambaye hakuulizwa ametoka wapi."

Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. Nikamwambia mama mkwe amwambie kwamba nilitaka kuuliza, lakini chinsoni ilinizuia.

Mama mkwe hakuipeleka hiyo. Alinijibu mwenyewe, papo hapo. "Chinsoni? Mimi niliwekwa hapa nifanye kazi gani? Si ndiyo mimi daraja? Mwaka mzima unapita juu yangu kuomba chumvi, leo bobini ndiyo imekosa njia?"

Alisema kweli. Chinsoni haikunifunga mdomo. Desturi ilikuwa imeniwekea mtu wa kupitia, mwenye miguu na ulimi, hatua thelathini tu. Kilichonifunga kilikuwa kiburi changu, nami nikakificha nyuma ya heshima kama mtoto anayejificha nyuma ya pazia, miguu inaonekana.

Mzee alinyoosha lile bati kwa koleo, akilipima kwa ukucha. Akarudisha skrubu. Akarudisha bobini ya zamani. Halafu akamwambia Kemunto, "Nenda chini ya kitanda changu, kuna kikebe cha dawa ya kikohozi. Kilete." Kemunto akakileta. Ndani yake, katika kitambaa chenye mafuta, zilikuwa bobini nne. Nyembamba, nyeusi kwa uzee. Zote za cherehani ile.

"Mama Kemunto, mwambie. Fundi hampi mwanafunzi bobini ya pili mpaka aiombe. Akiomba ndipo unajua ameanza kuelewa kazi inataka nini. Hizi zilikuwa hapa tangu siku cherehani ilipotoka. Nilikuwa nangoja neno moja tu."

Safari hii mama mkwe alikuja kwenye kona akanitia kikebe mkononi, na mimi nikalia.

Nilishona mpaka jua likagusa migomba. Bobini nne hazikunisimamisha. Lakini lile tundu lilikuwa mbele, kifuani, na kitambaa hakikuwepo. Nilikata kwenye pindo la chini, sare ikawa fupi kidogo, nikaziba tundu kwa mfuko. Mfuko ambao karatasi ya shule haikuutaja. Nilikata uzi wa mwisho jua likizama. Jumapili Kemunto akapanda basi na sare mbili, moja safi na moja yenye mfuko, na mimi sikulala vizuri mpaka barua ilipokuja. Mwalimu mlangoni alikuwa amemuuliza ule mfuko ni wa nini, akatishia kumrudisha. Kemunto alijibu, "Ni wa kuficha kosa la mtu anayenipenda." Akaingia. Lakini wenzake wakamwita Mfuko miaka minne mizima, na mimi ndiye niliyembatiza.

Sasa Moraa, turudi kwa kile kibao chako. Mimi sijui ndani ya kompyuta kuna nini, na usinieleze tena habari ya meza. Ninachojua nilikuambia siku ile, nawe ulifanya, na wengine wakishike. Zima mashine, chomoa waya ukutani, gusa chuma chake kwanza ili umeme mdogo wa mikononi utoke. Toa memori ya zamani iliyomo, ifunge vizuri, ibebe yenyewe. Usibebe kijiti cha nyasi. Usiseme ni nyeusi. Soma maandishi yaliyo juu yake na namba ya kompyuta, umuulize anayejua: hii ni ya ukoo gani, na mashine hii inaweza kubeba kiasi gani? Ulipofanya hivyo, yule kijana wa dukani alivilaza vibao viwili pamoja, akakuonyesha pengo dogo katikati ya yale meno ya chuma yaliyo ukingoni. Urefu ule ule, pengo limesogea kidogo tu. Kabila jingine. Ungesukuma kwa kijiko, ungelia kama mimi. Akakutafutia ya zamani, imetumika, haimeti, nawe ukaja ukaitia, ikaingia yenyewe bila kusukumwa. Kompyuta ikaamka, na leo inakujibu leo.

Uliniambia baadaye kwamba mwalimu wa shule ile, aliyekuwa akiitumia hiyo mashine kabla yako, anakaa hapa chini tu, na angekuambia yote siku ya kwanza, ila uliona haya. Moraa! Basi ukoo wetu haujabadilika.

Wazee walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Kitu cha zamani ni nyumba ambayo wengine wamelala kabla yako. Ukitaka kukiongezea nguvu, muulize aliyelala humo. Kinachotofautiana sana hakidanganyi mtu. Kinachodanganya ni kile kinachokaribia kufanana. Na kikikataa kuingia, usidhani kina ugeni tu. Kitoe, ukiangalie vizuri. Na ukiharibu, usilaumu uzi, na sindano, na jicho la jirani, kabla hujalaumu kile ulichokitia mwenyewe jana. Kuuliza kunaumiza kwa muda wa kupita uwanja mmoja. Kutouliza kulimpa Kemunto jina la miaka minne.

Zile bobini nne bado ninazo, katika kikebe kile kile, chini ya kitanda changu. Cherehani nayo iko, unaijua. Sitakuambia zaidi. Ukizitaka, unajua la kufanya.

Mungu wa baba zako akupe mkono usio na pupa na mdomo usioogopa kuuliza. Kila utakachokitia mahali pake kikae, kifanye kazi, na kisikuaibishe mbele ya wanaokutegemea. Na ukiwa mzee, macho yameingia ukungu, Mungu akupe mtu ng'ambo ya uwanja atakayepaza sauti kukuuliza. Nenda na amani, mwanangu. Na kila ukiifungua ile mashine, uchomoe waya kwanza.